Muhuri wa Chama cha Kuzikana

Ninyi mliorithi vibanda vya kuchapa pale karibu na mahakama, Musoma mjini, na ninyi wa steshenari za Mwisenge mnaotoa fotokopi huku macho yakiwa kwenye simu, sogeeni. Nilichapa barua za watu kwa miaka thelathini na minne. Nimechapa viapo, barua za udhamini, maombi ya kazi, barua za kuacha kazi, na barua za mapenzi mbili tu. Moja ilileta ndoa, nyingine ilileta kesi. Sikuwa mwanasheria wala karani wa serikali. Nilikuwa mwanamke mwenye meza, kiti na mashine. Watu waliniita Dada Chapa mpaka mvi zilipojitokeza, ndipo nikawa Bibi Chapa.

Niliacha kazi mwaka jana. Sasa niko Butiama, nalima mihogo na kugombana na mbuzi wa jirani. Watu huniuliza kwa nini niliacha wakati macho bado yanaona na vidole bado vinacheza. Nitawaambia, ila mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe linanitia aibu na mwenye aibu haendi moja kwa moja.

Tuanze na kazi. Aliyenifundisha ni Mzee Wambura, mtu mfupi, mkali, mwenye tapureta nzito kuliko kinu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma barua kutoka mstari wa mwisho kwenda wa kwanza kabla ya kumpa mteja. Ukisoma kwa kufuata mtiririko, akili inakudanganya, inaona kile ulichotaka kuandika. Ukianzia mwisho kila neno linasimama peke yake na kosa linaonekana. Somo hilo nililipata kwa fedheha. Nilikuwa nimechapa barua ya mirathi asubuhi, na mchana nikachapa ya mzee mmoja wa Mwigobero aliyeomba kuhamishiwa meza yake ya samaki. Nikasahau kuondoa neno "marehemu" mbele ya jina. Mzee yule alirudi na fimbo. "Wewe binti, mimi umeniona wapi nimekufa?" Mzee Wambura alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniadhibu kwa kazi ya kufagia wiki nzima.

Siku hizi mnafanya kosa hilohilo kwa kompyuta, tena haraka zaidi. Mnafungua barua ya jana, mnabadilisha jina, mnabonyeza. Barua ya jana ina mambo ya jana. Anza upya.

La pili, kila mteja muulize maswali matatu: barua inakwenda kwa nani, nani ataisaini, na itapigwa muhuri gani. Hilo la muhuri ndilo nililojivunia. Katika nchi hii unaweza kuandika barua iliyonyooka kama kamba, mpokeaji akaipindua tu na kuuliza, "Muhuri uko wapi?" Bila muhuri umeleta karatasi. Kwa hiyo nilikuwa na akili ya mihuri. Mtu akisema hana, nilimtafutia njia: wa mtendaji, wa shule, wa kanisa, wa kikundi chochote kilichosajiliwa. Wengi walinisifu kwa akili hiyo, na mimi nilipenda kusifiwa.

Sasa tufike kwa Mama Masatu.

Alikuwa mwanamke wa kijiji cha ziwani upande wa Bunda, mkausha dagaa, sauti kubwa, mkono mwepesi wa kukupa kitu. Dagaa wake nilinunua miaka mingi pale soko la Mwigobero. Mwalo wao, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na wanawake wanapoanika dagaa, ulizungushiwa waya na mtu aliyekuja na karatasi zake. Wanawake wakakosa pa kuanika. Wakaandika malalamiko, hayakujibiwa. Ndipo wakaunda umoja, wakauita Mwalo Wetu, na vijiji vingine vya ziwani vikaunga mkono. Hawakuwa na ofisi, hawakuwa na usajili. Walikuwa na mabeseni na hasira.

Alikuja kibandani kwangu na wenzake wawili. Walitaka kwenda kukaa barabarani, kwenye njia ya kuingilia mwaloni, kwa amani, na waliambiwa lazima polisi wapewe taarifa mapema kwa maandishi. Nikachapa. "YAH: TAARIFA YA KUKUSANYIKA KWA AMANI." Barua nzuri, hadi leo naweza kuisema kwa kichwa. Nikawauliza swali langu la tatu.

"Muhuri hatuna, dada," alisema Mama Masatu. "Sisi ni wanawake tu wa mwaloni."

"Hamna kikundi chochote kijijini?"

"Kipo chama cha kuzikana. Mimi ndiye katibu wake. Muhuri ninakaaga nao mimi nyumbani."

"Basi umemaliza," nikamwambia. "Piga huo."

Akasita. Ninawaapia, alisita. "Dada, ule si wa mambo ya msiba?"

"Muhuri ni muhuri," nikasema. "Anayepokea haangalii maneno, anaangalia wino."

Wakacheka, wakaenda, wakapiga. Barua ilipokelewa. Walikaa barabarani siku mbili na mabeseni yao ya dagaa, wakaimba, wakaondoka wenyewe. Hakuna hata jiwe lililorushwa.

Kama hamjui chama cha kuzikana kwa watu wa huko, niwaeleze. Kila kaya ina jina lake daftarini. Ukipata msiba, chama kinachimba kaburi, kinaleta kuni, maji na unga, kinalala kwako. Asiyefika anaulizwa, na asipokuwa na sababu anatengwa, na kutengwa kwenye msiba huko kwetu ni jambo la kutisha kuliko njaa. Kwa hiyo daftari lile lilikuwa na kijiji chote, wakiwemo vikongwe wasioweza kufika hata mwaloni. Kikao ni mara moja kwa mwezi, wanaitana majina, na muhuri unawekwa mezani.

Miezi ikapita. Ikaja sheria mpya. Najua ninyi vijana mliisikia kwenye simu kwa vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Mimi niliishika mkononi, maana watu waliniletea nakala niwatolee fotokopi, halafu wakabaki wamesimama wakitaka niwasomee. Niliwasomea. Nawapa ujuzi hapa: ukipewa sheria usikimbilie adhabu. Anza na mwanzoni, pale wanapotafsiri maneno. Watu wanaruka kurasa hizo, na kumbe ndiko mambo yalikofichwa. Sheria ile ilikuwa imepanua maana ya ugaidi. Kuzuia njia au huduma, kwa pamoja, kwa nia ya kuishinikiza mamlaka, kuliingia humo. Kisha likatoka tangazo lenye orodha ya vikundi, na Mwalo Wetu kilikuwemo. Kuwa mwanachama, kosa. Kuhudhuria mkutano wake, kosa. Kukipa huduma, kosa. Na dhamana hakuna.

Niliposoma neno "huduma" niliacha kusoma katikati ya mstari. Mteja mmoja akanipa maji akidhani nimechoka.

Mama Masatu na wenzake waliisikia sheria hiyo na wakatii. Mwalo Wetu wakauvunja, hawakukutana tena. Lakini chama cha kuzikana kiliendelea na kikao chake cha mwezi, kwa nini kisiendelee? Jumamosi hiyo polisi walifika na nakala ya barua yangu. Muhuri wa kwenye barua na muhuri uliokuwa mezani ulikuwa mmoja. Kwa macho yao, kikundi kilichopigwa marufuku kilikuwa kimekaa mbele yao kikiitana majina. Walichukua daftari, muhuri na watu kumi na mmoja, Mama Masatu akiwa wa kwanza.

Habari nilizipata Jumatatu yake Mwigobero, nikiwa nimeshika kopo la dagaa. Muuzaji aliniambia kwa kunong'ona, akiwa ameinama kana kwamba anapanga mafungu. "Mama Masatu wamemchukua. Wanasema gaidi. Yule mama! Eti muhuri ndio umewaponza." Nikaliweka kopo chini. Sikununua.

Mimi, Bibi Chapa, mjuaji wa mihuri, nilifanya nini? Nilirudi kibandani nikafungua kompyuta nikaifuta barua ile. Nakala ya karatasi niliyokuwa nimeitunza niliipeleka nyumbani nikaitia jikoni, chini ya sufuria ya maharage. Chini ya kila barua niliyochapa maishani niliweka herufi zangu mbili za jina, kama Mzee Wambura alivyonifundisha. Nakala ya polisi ilikuwa nazo. Kwa hiyo kuchoma kwangu hakukuwa na maana yoyote, na nililijua hilo nikichoma.

Siku ya nne tangu wakamatwe, mwanamume mmoja mwenye viatu safi mno kwa vumbi letu alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho. Nakala moja tu. Akaangalia mashine, akaangalia ukuta, akasema, "Mama, wewe ndiye unayechapaga barua za watu wa ziwani?" Nikamjibu kwamba nachapa za yeyote. Akasema, "Kazi nzuri," akaenda. Tangu hapo kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya kibanda nilihisi imenifuata mimi. Nilimwambia binti yangu kwamba nina malaria nikafunga siku mbili. Nilikuwa mwoga, wanangu, na ninalisema kwa kinywa changu ili asije mtu kuwaambia vingine.

Siku ya tisa asubuhi nilifungua. Kabla sijawasha mashine alifika Masatu mwenyewe, mtoto mkubwa wa Mama Masatu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto wawili, anaendesha bodaboda kule Manyamanyama. Alikuwa amevumbika hadi kwenye kope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. "Bibi mzaa baba amefariki jana. Yuko ndani ya nyumba mpaka sasa hivi. Watu hawaji."

"Hawaji vipi?"

"Wataanzaje kuja, bibi? Majina yao yote yako kwenye daftari. Wakikaa kumi pale kwetu, si ndio mkutano huo? Wanapitaga mbali, wananyoosha mkono, wanaenda. Kaburi halijachimbwa. Nimeambiwa niandike barua niombe kibali cha kuzika. Nichapie."

Mikono yangu ilikuwa mezani, haikunyanyuka. Nilifikiria neno lile, huduma. Nikamwambia umeme unasumbua. Taa ya printa ilikuwa inawaka kijani mbele yake. Aliitazama taa, akanitazama mimi. Akachukua kofia yake.

Afadhali angenitukana.

"Rudi," nikamwambia. "Kaa. Jina la marehemu nani?"

Nilichapa aya ya kwanza: msiba, jina, kijiji, ombi la watu kuzika. Kisha vidole vikaendelea bila kuniomba ruhusa. Niliandika kwamba mimi, jina langu lote, mpiga chapa wa Musoma, ndiye niliyeandika ile barua ya taarifa; kwamba Mwalo Wetu haukuwa na muhuri; kwamba muhuri uliotumika ni wa chama cha kuzikana na ulitumika kwa ushauri wangu; kwamba waliomo daftarini ni wazikaji. Nikaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hapakuwa na kosa. Masatu aliisoma pia, taratibu, midomo ikicheza.

"Bibi, hii ya chini itakuingiza ndani."

"Washa pikipiki," nikasema.

Tulikwenda hadi kituoni, ambacho sitakitaja. Nilikuwa sijapanda bodaboda safari ndefu namna ile tangu magoti yaanze kunisumbua, na njia nzima nilishika koti la yule kijana wa watu nikiomba Mungu tupate pancha. Hatukupata. Tulikaa kwenye benchi tangu saa nne hadi saa tisa. Askari walipita, wakarudi, mmoja akaniuliza kama nimekuja kumletea mtu chakula. Kila mlango ulipofunguka nilinyanyuka nusu, nikakaa tena.

Hatimaye tuliitwa kwa afande mmoja wa makamo, mwenye miwani. Daftari la chama lilikuwa mezani kwake. Alisoma barua yangu mara mbili.

"Mama, unaelewa ulichokiandika hapa?"

"Naelewa, afande. Nimekichapa mwenyewe."

Akafungua daftari, akaweka kidole. "Na hawa wenye msalaba mbele ya jina? Tumeambiwa hawa ni viongozi."

Masatu akajibu kabla yangu. "Hao walishakufaga, afande."

Afande alihesabu misalaba ile kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, na kila alipofika mwisho wa ukurasa alivuta pumzi. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja nikajikaza. Halafu akavua miwani, akasugua macho, na akasema maneno ambayo nimeshindwa kuyasahau.

"Hili ungeniletea wiki iliyopita, mama. Jalada la huyo katibu wao lilikuwa hapa kwangu mpaka juzi asubuhi. Ningeandika maelezo yako, yangekuwemo wakati wanaamua wamshtaki kwa kosa gani. Juzi limekwenda juu, na mchana wake akasomewa shtaka la ugaidi. Si langu tena."

"Na wale kumi?"

"Wale bado wako kwangu. Hao nitaangalia."

Aliniandikisha maelezo kurasa sita, nikasaini kila ukurasa, nikaamriwa kuripoti kila Ijumaa. Wale kumi waliachiwa wiki mbili baadaye. Kibali cha mazishi kilitoka na masharti: wasizidi kumi kwa wakati mmoja.

Nilikwenda kwenye msiba huo. Sijawahi kuona mazishi ya namna ile. Wachimbaji walikuja wawili wawili. Wawili wakichimba, wawili wakiosha majembe na kuondoka, wawili wakifika. Wanawake walipika ugali kila mmoja kwake na kuuleta mmoja mmoja, wakiweka chungu, wakimlilia marehemu kidogo, wakitoka ili mwingine aingie. Mtu mmoja alisimama njiani kazi yake ikiwa kuhesabu tu. Tangu alfajiri mpaka jioni mstari haukukatika, na askari waliotumwa kuangalia hawakuona hata mara moja watu kumi na mmoja.

Mama Masatu peke yake ndiye aliyebaki ndani. Ile barua ya taarifa ina saini yake. Yuko mpaka leo ninapowasimulia. Kila baada ya siku kumi na nne analetwa mahakamani, inasemwa upelelezi haujakamilika, inapangwa tarehe nyingine. Haruhusiwi hata kujibu kama ni kweli au si kweli. Mimi huenda. Nilishindwa kukaa kibandani hatua chache kutoka pale nikichapia watu huku karandinga linapita mbele yangu na yeye ndani yake, kwa hiyo nilifunga, mashine nikampa binti yangu.

Mara nyingi hatuongei. Ila mwezi uliopita askari magereza mmoja, mwanamke mwenye huruma, alichelewa makusudi kufunga mlango, nikapata kumsogelea. Amekonda. Sauti yake kubwa imekuwa ndogo. Hakuuliza habari za kesi.

"Mama mkwe walikuja kumzika?"

"Walikuja wote," nikamwambia. "Mmoja mmoja, mpaka jua likazama."

Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, na machozi yakamtoka bila kelele. Nilifikiri maongezi yameisha. Kumbe habari zangu zilikuwa zimemfikia rumande, nusunusu.

"Nimesikia ulienda ukawaambia kuhusu muhuri."

"Nilikwenda."

"Ulienda siku ileile nilipokamatwa?"

Hapo, wanangu, palikuwa na nafasi ya uongo. Askari alikuwa ameshashika kitasa. Neno moja tu lingetosha, naye angekwenda rumande akiwa na rafiki.

"Siku ya tisa," nikasema. "Jalada lilikuwa limeondoka siku ya saba."

Akanitazama. Nikaona anahesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu niliyoweka kopo chini pale sokoni, Jumanne. Alihesabu zote mpaka mwisho. Kisha mlango ukafungwa.